Kuchagua stata ya gari la zamani: anza na flaiwili, duka baadaye

Land Rover yangu ni Series IIA ya petroli ya 1965, injini ya cc 2,286. Stata yake ya asili, yaani mota inayozungusha injini mpaka iwake, ilipochoka nilinunua nyingine mpya, ndogo na nyepesi, ya zile zenye gia za kupunguza mwendo ndani. Muuzaji aliapa kwamba inaingia. Kweli iliingia, boliti zote zikakaa. Nikapiga: vuuuu, kama kinu cha kusaga mahindi kisicho na mahindi. Injini haikutikisika. Fundi akasema bendiksi imekufa, yaani ile gia ya mbele ya stata inayouma meno ya flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Tukanunua bendiksi. Vuuuu ileile.

Siku ya tatu tuliipeleka kwa kijana anayesuka mota Katwe, Kampala. Hakuigusa stata. Aliinama kwenye gari, akatazama betri, akauliza, "Mzee, mbona erthi umeifunga kwenye chanya?"

Nikamwambia gari ndivyo lilivyotoka kiwandani: waya wa betri unaoshika mwili wa gari uko upande wa chanya.

"Basi stata yako inazunguka kinyumenyume, ssebo."

Alisema kweli. Nilikuwa nimelipia stata nzima, bendiksi nzima, na siku tatu za fundi, kwa sababu nilianzia dukani. Huu hapa ni mpangilio ninaoufuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni stata

Stata nyingi nilizoona zikifunguliwa hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye betri au kwenye waya.

Betri ikishapumzika saa kadhaa, mita isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo, ichaji kwanza. Kisha chomoa waya mnene wa koili ya moto ili gari lisiwake, mtu apige stata huku mita iko kwenye vichwa vya betri. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi, na njia ya kujua ni kuweka betri nyingine unayoiamini.

Sasa pima njia. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kisicho cha erthi, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, mtu apige: mita ionyeshe chini ya 0.5. Rudia upande wa erthi, kutoka mwili wa stata hadi kichwa kile kingine cha betri: isizidi 0.2 au 0.3. Ikizidi, umeme unapotelea njiani na stata mpya haitakusaidia chochote. Kwa magari yetu ya barabara za vumbi, mshukiwa wa kwanza ni mkanda wa erthi unaounganisha injini na chasisi. Ufungue, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, funga tena. Gari la jirani yangu lilipona kwa sandpepa tu.

Sikiliza pia. Tik-tik-tik ya haraka ni betri dhaifu au kiungo kilicholegea. "Tak!" moja kisha kimya ni kontakti za solenoidi (swichi ya sumaku inayoingiza umeme mkubwa kwenye stata) zilizoungua, makaa (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka) yaliyokwisha, au injini iliyokwama. Kama gari lako lina hendeli ya mbele, hii ndiyo siku yake: toa plagi, zungusha kwa mkono. Injini isipozunguka, shida yako ni kubwa kuliko stata. Na unapoishika hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma, gumba lililozunguka upande wa pili linavunjika.

Hatua ya 2: Soma gari lako, uandike

Chukua karatasi. Andika volti, upande wa erthi, aina ya stata iliyomo, na kama injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa na gari. Hilo la mwisho si mchezo Uganda, ambako gari la miaka 50 limepitia mikono mingi na huenda gia boksi imetoka gari moja na flaiwili imetoka jingine. Kitabu cha gari hakijui habari hizo. Flaiwili iliyomo ndiyo ushahidi.

Volti kwanza. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa za volti 6, kisha zikahamia 12. Wengi hapa wamebadilisha betri na balbu wakaiacha stata ya 6. Stata ya 6 kwenye umeme wa 12 inazunguka kwa nguvu kweli, na watu hufurahi, lakini inayagonga meno ya flaiwili kwa ukali na solenoidi yake haidumu. Ukitaka kuweka stata ya 12, angalia flaiwili: ile ya zamani ina meno 109, ya baadaye meno 130. Angalia pia bushi, yaani pete ya shaba, iliyo ndani ya nyumba ya gia boksi, maana ncha ya shafti ya stata hizo hukaa humo. Shafti ya stata ya 6 ni nene kuliko ya 12, kwa hiyo stata mpya kwenye bushi ya zamani itacheza, na stata inayocheza inajila yenyewe. Bushi ya kupatanisha ipo. Ipo pia stata isiyohitaji bushi hiyo kabisa, iliyotengenezwa kwa Beetle zenye gia boksi ya nusu-otomatiki, na kwa gia boksi ambayo tundu lake limeshaharibika mimi ningechagua hiyo.

Sasa erthi, ugonjwa wangu mimi. Magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yalifungwa erthi kwenye chanya. Land Rover ziligeuzwa karibu 1967. Morris Minor ziliendelea hivyo hadi mwisho wa utengenezaji wake.

Stata ya kale haijali. Ndani yake kuna koili mwilini na koili kwenye amecha, ile sehemu inayozunguka, zimeunganishwa mfululizo. Ukigeuza betri, sumaku zote mbili zinageuka pamoja na mzunguko unabaki uleule. Stata nyingi ndogo za kisasa hazina koili mwilini, zina sumaku za kudumu. Sumaku ya kudumu haigeuki. Ukigeuza betri, mota inageuza mwendo. Solenoidi, ambayo nayo haijali upande, itaisukuma gia mbele vizuri kabisa, kisha klachi ya njia moja iliyo ndani ya bendiksi inateleza kwa sababu inazungushwa upande isioshika. Matokeo ni ile vuuuu. Ndiyo maana fundi yeyote mwaminifu atailaumu bendiksi.

Namna ya kuzitofautisha dukani bila kufungua: tazama mwili wa stata. Ukiona skrubu kubwa za kichwa bapa ubavuni, mara nyingi nne, hizo zimeshika vyuma vya koili, na stata hiyo inafaa kwa erthi ya upande wowote. Mwili ukiwa laini kama kopo la maziwa, shuku sumaku, na umuulize muuzaji waziwazi.

Hatua ya 3: Hesabu meno

Hapa usiharakishe. Kuna stata za namna mbili. Ya kwanza, ya kujirusha: amecha inapoanza kuzunguka kwa ghafla, pinioni, yaani ile gia ndogo ya mbele, inajisukuma kwenye nyuzi za shafti mpaka iume flaiwili. Solenoidi yake iko mbali, ukutani chini ya boneti, na waya mmoja tu mnene unaenda kwenye stata. Ya pili, ya kusukumwa: solenoidi imepanda mgongoni mwa stata yenyewe na uma wa chuma unaisukuma pinioni kwanza, kisha ndipo umeme mkubwa unaingia. Ya pili ni bora, haigongi. Gereji zetu huita "bendiksi" kila kitu chenye meno mbele, kwa hiyo ukitumwa kununua bendiksi, nenda na ile mbovu mkononi.

Hazibadilishani ovyo. Meno ya flaiwili huchongwa mteremko upande ambao pinioni inaingilia, na namna hizi mbili mara nyingi huingilia pande tofauti. Hata idadi ya meno hubadilika: Mini ya stata ya kujirusha ina meno 107 kwenye flaiwili, ya kusukumwa ina 129. Ukichanganya hizo mbili utapata sauti kama mtu anayekwangua sufuria kwa shoka, na baada ya wiki hutakuwa na stata wala flaiwili.

Kwa hiyo toa stata. Toa kwanza waya wa erthi kwenye betri, tafadhali. Hesabu meno ya pinioni na upime upana wake kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino kwa kalipa. Pima umbali kutoka uso wa kufungia hadi kwenye pinioni ikiwa imelala, na ikiwa imetoka nje. Andika. Kisha ingiza tochi tunduni, uhesabu meno ya flaiwili huku mtu akizungusha injini taratibu kwa hendeli au kwa spana kwenye puli ya mbele. Tia alama ya chokaa kwenye jino la kwanza, la sivyo utahesabu mpaka Jumapili.

Ukiwa hapo, angalia uchakavu. Injini ya silinda 4 ikizimwa husimama mara nyingi mahali pawili palepale, palipotengana kwa nusu mzunguko. Meno ya hapo huliwa, mengine yanabaki mapya. Gari linalokwaruza siku moja na kuwaka vizuri siku ya pili, na likikataa ukilisogeza kidogo likiwa kwenye gia linakubali, lina ugonjwa huu. Dawa ni ringi gia mpya, inayopashwa moto ikavishwa flaiwili, na gia boksi lazima ishuke. Usiweke stata mpya juu ya meno yaliyoliwa.

Hatua ya 4: Upande wa kuzunguka, na umbo

Injini nyingi huzunguka upande mmoja, lakini stata inaweza kukaa upande wa injini ikitazama nyuma, au upande wa gia boksi ikitazama mbele. Hizo mbili zinahitaji mizunguko iliyo kinyume. Stata mbili zinaweza kulingana boliti, meno na urefu, na bado moja isifae. Itazame ile ya zamani uso kwa uso, upande wa pinioni, uone inazunguka kama saa au kinyume, kisha udai hivyohivyo. Mambo ya boliti, kukwama kwenye egzosi au kwenye mguu wa injini, hayo utayaona kwa macho. Pima tu urefu na upana wa mwili.

Hatua ya 5: Ipi kati ya hizi?

Mimi sasa huanza kwa kuitengeneza ya asili. Stata ya zamani ya Lucas, kampuni ya Uingereza, ni chuma kizito na koili. Ikipata makaa mapya (yakibaki karibu milimita 8 yamekwisha), bushi mpya za shaba zilizolowekwa kwenye oili ya injini usiku kucha, na amecha iliyosafishwa, inaishi tena miaka. Mafundi wa kusuka mota tunao, na gharama mara nyingi ni ndogo kuliko stata mpya pamoja na usafiri. Angalia mistari inayong'aa kwenye amecha: ni dalili kwamba bushi zilikwisha na amecha ikawa inasugua vyuma vya koili. Hapo ndipo umeme ulikokuwa unaliwa.

Kama ni ya kujirusha, kuna jambo ambalo mafundi vijana hulikosea: wanapaka grisi kwenye nyuzi za pinioni. Grisi na vumbi la maramu hufanya udongo, pinioni inaganda, stata inazunguka bure. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, acha hivyo.

Stata mpya ya gia ndani ina haki yake. Mota yake ndogo inazunguka kasi, gia zinageuza kasi kuwa nguvu, inakula umeme kidogo kuliko ile ya kale na inaweza kuwa nusu ya uzito wake. Kwa injini iliyoongezwa mgandamizo, au gari linalokataa kuwaka likiwa la moto kwa sababu stata iko karibu na egzosi, ninaipendekeza bila kusita. Kwa gari la Jumapili ambalo linawaka vizuri, sioni sababu zaidi ya mapambo.

Ya mtumba kutoka gari jingine ni kamari nzuri ukiwa na karatasi ya vipimo, na kamari mbaya ukiwa na matumaini. Jua tu kwamba chanzo kinakauka: tangu 2018 sheria yetu imezuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo stata za kale zilizomo nchini ndizo hizo. Za Peugeot 404 na 504 bado huonekana, hapa au upande wa pili wa mpaka wa Kenya, Busia na Malaba.

Kuhusu nguvu: injini ndogo ya petroli inatosheka na kilowati 0.7 hadi 1, ya lita mbili na kitu itafute 1 hadi 1.4, na dizeli anzia 2, maana dizeli huwaka kwa mgandamizo na lazima izungushwe kwa kasi. Usiweke stata ya petroli kwenye dizeli kwa sababu tu boliti zimekubali.

Hatua ya 6: Sokoni

Nenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, asubuhi, na stata mbovu kwenye gunia. Boda atalalamika, mwongeze. Usiseme "nipe stata ya Land Rover." Weka yako mezani, weka yake kando, linganisha pinioni jino kwa jino, kisha uso wa kufungia, kisha upande wa mzunguko. Atakuambia, "Bosi, hii inaingia tu." Mjibu kwa kalipa.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Kila muuzaji ana betri. Ikanyage kwa kiatu kigumu au uifunge kwenye jiriwa, maana inaruka: hasi kwenye mwili, chanya kwenye boliti kubwa namba 30, kisha gusisha chanya kwenye teminali ndogo namba 50. Kama gari lako ni la erthi chanya, mwambie ageuze waya, hasi iende kwenye boliti na chanya kwenye mwili, uone kama bado inazunguka upande unaotaka. Jaribio hilo la nusu dakika lingeniokoa siku tatu. Pinioni itoke kwa kishindo kimoja, izunguke bila kupiga kelele za chuma, irudi mara umeme unapokatika. Izungushe pinioni kwa mkono: upande mmoja iende huru, upande wa pili ishike. Itikise juu na chini. Ikicheza, bushi zimekwisha.

Jaribio la bure halionyeshi nguvu chini ya mzigo. Kwa hiyo patana kabla ya kulipa: ikishindwa kwenye gari ndani ya siku kadhaa unarudisha, na aandike kwenye risiti.

Hatua ya 7: Kufunga

Kwangua rangi kwenye uso wa stata na pale inapokaa. Stata mpya huja imepakwa rangi nzuri, na rangi hiyo inazuia erthi.

Ikiwa unatoka kwenye stata ya kujirusha kwenda ya kusukumwa, waya mnene sasa utakuwa na umeme wakati wote, si unapopiga tu. Uhamishie upande wa solenoidi ya ukutani wenye umeme wa kudumu, uvike mpira, uuweke mbali na egzosi. Kutoka upande wa pili wa solenoidi hiyo vuta waya mwembamba hadi teminali 50. Kuna mafundi wanaotia daraja fupi kati ya 30 na 50 kwenye stata na kuacha waya wa zamani kama ulivyo. Gari litawaka, ila stata yenye sumaku ikikatiwa umeme bado inazunguka na kuzalisha umeme wake kidogo, unaopita kwenye daraja na kuishikilia solenoidi. Utaachia ufunguo na stata itaendelea kuning'inia kwenye flaiwili.

Magari ya miaka ya 1970 yenye koili ya moto inayopitia waya wa kupunguza volti yana waya mmoja zaidi, unaotoka kwenye solenoidi kwenda kwenye koili, ili koili ipate volti zote wakati wa kupiga. Stata mpya isiyo na teminali hiyo itazungusha injini vizuri, na gari litawaka kwa taabu, hasa asubuhi za baridi za Kabale. Hapo rilei ndogo inatosha.

Na kama umenunua ya sumaku ukiwa na erthi chanya, kama mimi, unaweza kuligeuza gari badala ya kuirudisha stata. Geuza betri, badilisha waya mbili ndogo za koili ya moto, geuza waya za ampimita. Dainamo nayo ifundishwe upya: toa waya wa F kwenye dainamo, kisha gusisha kwa mara chache za haraka waya wa umeme wa betri kwenye teminali hiyo ya F, urudishe waya. Redio ya zamani ya erthi chanya itoe kabisa, itaungua. Mimi niligeuza, nikaandika ERTHI HASI kwa rangi nyeupe juu ya sanduku la betri, kwa ajili ya fundi atakayefuata. Stata ya Lucas niliitengeneza makaa na bushi, iko stoo, imefungwa gunia pamoja na ile karatasi ya vipimo.